Gunia la Debe Saba na Hesabu za Kidato cha Pili

Ndugu msomaji, ukitoka Sumbawanga mjini kwa njia ya lami iendayo Tunduma, baada ya mwendo wa kilomita 95 hivi utafika Laela. Siku hizi Laela ni makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Sumbawanga, lakini mgeni afikaye hapo baada ya mavuno hatazami ofisi kwanza. Hutazama mahindi. Magunia hupangwa kando ya njia yakingoja malori, na mengi yao yamevikwa kilemba: mdomo wa gunia haukufungwa mahali pake, bali umeongezewa wavu wa kamba, na ndani ya wavu huo imeshindiliwa debe nzima ya nyongeza. Hiyo ndiyo lumbesa, ambayo Wakala wa Vipimo huikataza kila mwaka, na kila mwaka huonekana tena.

Kijana mmoja alikuwa akimsaidia baba yake kushona. Aliniamkia, nami nikamwitikia, kisha nikamwuliza yuko darasa gani. Akasema yuko Kidato cha Pili.

"Basi, mwanangu," nikamwambia, "gunia la haki ni debe sita. Hili mnalotia ni debe saba, na bei ni ile ile. Je, baba anapoteza sehemu gani ya mahindi yake?"

Hakusita. "Moja ya sita, mzee."

Baba yake akacheka bila kuinua macho kutoka kwenye sindano. "Sisi twajua kwamba twaibiwa," akasema. "Ni kiasi gani, hilo ndilo hatulijui."

Jibu la kijana si sahihi, wala yeye si mpumbavu. Ameona debe moja imezidi juu ya debe sita, akaandika moja juu ya sita kama alivyozoezwa: chukua namba mbili zilizotajwa, ziweke katika kanuni, toa jibu, enda kwenye swali linalofuata. Hakuna aliyepata kumwambia asimame kwanza ajiulize, "Sehemu ya nini?" Maana mkulima hakupeleka sokoni debe sita. Amepeleka saba, akalipwa sita. Katika kila debe saba zilizotoka shambani kwake, moja imekwenda bure. Anayezidishiwa moja ya sita ni mnunuzi, kwa kuwa yeye amelipia sita akapata saba. Kijana alijibu swali la mnunuzi akidhani amejibu la baba yake.

Nimeanza na gunia hilo kwa sababu gazeti hili limekwisha kusema mara nyingi juu ya vyumba vya madarasa, madawati na maabara, na ni haki kusema hivyo. Lakini kuna upungufu mwingine usiojengwa kwa saruji. Somo la Hisabati ni la lazima kwa kila mwanafunzi tangu Kidato cha Kwanza hata cha Nne. Hata hivyo, katika mtihani wa Taifa wa Kidato cha Nne wa mwaka 2023, na tena wa 2024, waliofaulu somo hilo walikuwa takribani robo tu ya waliolifanya, na miaka michache kabla ya hapo walikuwa kama mmoja katika watano. Hao wengine si kwamba hawakufundishwa. Walikaa darasani miaka minne, wakanakili madaftari mengi.

Tangu Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulipoanza mwaka 2004, shule za kata zimefika mahali ambapo babu zetu hawakudhani zitafika, na tangu mwaka 2016 ada imeondolewa mpaka Kidato cha Nne. Milango imefunguliwa. Sasa yatupasa tuulize mtoto akisha kuingia anafanywa nini.

Katika shule nyingi nilizopata kuziona, saa ya hesabu hupita hivi. Mwalimu huandika kanuni ubaoni, hufanya mfano mmoja, hufanya wa pili, kisha huwapa wanafunzi maswali kumi yaliyofanana na mfano kama mapacha. Mwenye kukumbuka hupata kumi, asiyekumbuka huambulia fimbo. Wiki inayofuata kanuni ni nyingine. Mtoto hujiwekea kichwani kanuni nyingi zilizotengana, kama funguo nyingi zisizoandikwa ni za mlango upi. Siku ya mtihani swali huja limevaa nguo nyingine, naye hubaki akijaribu ufunguo mmoja baada ya mwingine mpaka kengele ilie. Wazazi wenye fedha hukimbilia masomo ya ziada, na huko nako mara nyingi hufanywa mambo hayo hayo kwa kulipia: kukariri maswali ya mitihani iliyopita.

Msomaji aniwie radhi nikikumbuka yangu. Katika shule ya misheni niliyosoma tulipewa fumbo la pipa linalojazwa na mabomba mawili, moja upesi na jingine polepole. Mimi sikuikumbuka kanuni. Nikachora pipa, nikaligawa kwa mistari, nikahesabu kila saa limejaa mistari mingapi, nikapata jibu. Jibu lilikuwa kweli, lakini nilipewa sifuri na viboko viwili, kwa kuwa "njia si hiyo." Tangu siku hiyo sikuchora tena. Nilikariri, nikafaulu, na mpaka leo sikumbuki kanuni ile, lakini pipa nalikumbuka.

Mtu mmoja aliyefikiri sana juu ya jambo hili ni George Pólya, mwanahisabati mzaliwa wa Hungary aliyekwenda kufundisha Marekani, ambaye mwaka 1945 alitoa kitabu kidogo juu ya namna ya kutatua mafumbo ya hesabu. Alisema kuna hatua nne: kulielewa swali, kutafuta mpango, kuutekeleza, na kisha kutazama nyuma. Ukisikia hivi utadhani ni jambo jepesi mno. Lakini chunguza darasa letu. Hatua ya tatu peke yake ndiyo inayofundishwa. Ya kwanza mwalimu humfanyia mtoto kwa kumsomea swali, ya pili humfanyia kwa kumpa kanuni, na ya nne haifanywi na mtu yeyote, maana kipindi kimekwisha. Tumemfundisha mtoto kutembea kwa kumbeba mgongoni.

Tuchukue hatua ya kwanza, ya kulielewa swali, maana hapo pana jambo letu wenyewe ambalo Pólya hakuwa nalo. Tangu mwisho wa miaka ya 1960, baada ya Elimu ya Kujitegemea, mtoto wa shule ya msingi ya serikali husoma hesabu zake kwa Kiswahili. Akiingia Kidato cha Kwanza lugha hubadilika kuwa Kiingereza, na Laela mtoto huyo mara nyingi ana Kifipa nyumbani, hivyo sasa amevuka mto wa pili. Watu hudhani taabu ni maneno magumu tu. La hasha. Hata maneno mepesi yana mitego. Kwa Kiswahili cha darasani tumezoea kusema "kumi na mbili toa tano," na namba hufuatana sawasawa na zinavyoandikwa. Kiingereza mara nyingi hutaja kwanza ile tano inayotolewa, ndipo kitaje kumi na mbili. Mtoto huziandika kama alivyozisikia, tano kwanza, akapata jibu lililo chini ya sifuri. Mwalimu huandika kosa la hesabu. Kosa ni la sentensi.

Na sehemu ni vivyo hivyo. Mtoto akisoma alama ile "moja juu ya saba," amesoma maandishi, hajasoma maana. Akisema "moja katika saba," tayari ameona vitu saba vimewekwa na kimoja kimetengwa. Lugha yetu ina neno linalofanya nusu ya kazi ya mwalimu, nasi twaliacha mlangoni. Sisemi hapa lugha ya kufundishia ibadilishwe kesho asubuhi, huo ni mjadala mrefu wenye watu wake. Nasema kwamba kabla ya kulitatua fumbo, mtoto aruhusiwe kulisimulia kwa lugha anayoiota usiku, na mwalimu asimwone kuwa amevunja sheria. Fumbo likisha kueleweka, kuliandika kwa Kiingereza ni kazi ya pili, nayo ni nyepesi kuliko ya kwanza.

Sasa turudi kwenye gunia, tulipeleke darasani. Mwaka 1995 watafiti walipiga picha za sinema masomo ya hesabu ya darasa la nane huko Ujerumani, Japani na Marekani, yaani watoto wa umri wa Kidato cha Kwanza na cha Pili. Walichokiona Japani kiliwashangaza wengi. Mwalimu wa Kijapani mara nyingi hakuanza na kanuni. Alianza na fumbo moja, pengine mawili kwa kipindi kizima, akawaachia wanafunzi wahangaike nalo kwanza. Yeye alipita kati yao akitazama nani amefuata njia gani, kisha akawaita baadhi yao waandike njia hizo ubaoni ili zishindanishwe. Kanuni ilikuja mwisho, kama jina linalopewa mtoto aliyekwisha kuzaliwa.

Mwalimu wa Laela aweza kufanya hivyo bila kungoja fedha kutoka popote. Aandike ubaoni: gunia la haki debe sita, gunia la kilemba debe saba, bei moja, mkulima anapoteza sehemu gani? Kisha anyamaze. Kunyamaza huko ndiko kugumu kuliko yote. Dakika tano za kwanza zitakuwa za kelele, na wengi wataandika moja juu ya sita. Mwache kwanza huyo mwenye moja ya sita, usimfute.

Mwingine atachora gunia lenye vyumba saba, atatia wino kimoja, na kusema moja katika saba. Mwingine atasema, haya, tuseme mkulima ana debe 84. Kwa debe sita angepata magunia 14, kwa debe saba amepata 12, basi amepoteza magunia mawili katika 14. Mtoto wa mfanyabiashara atatia bei. Tuseme gunia ni shilingi 60,000, basi debe ni 10,000. Mali yake ina thamani ya 70,000 naye amelipwa 60,000. Wote watatu wamefika mahali pamoja, kila mmoja kwa mguu wake. Hapo mwalimu na awarudishe kwa yule wa moja ya sita, amwulize kwa upole: wewe ulihesabu sehemu ya nini? Mtoto akilijibu swali hilo kwa kinywa chake, ameshika jambo ambalo mifano ishirini ubaoni isingempa. Atakumbuka pia kwamba kosa lake lilikuwa na maana, bali lilikuwa jibu la swali jingine.

Kisha waje kwenye hatua ya nne, ya kutazama nyuma, ambayo ndiyo yenye utajiri. Ikiwa kilemba ni debe mbili, je? Aliyekariri atasema theluthi, mbili juu ya sita. Aliyefikiri atasema mbili katika nane, yaani robo. Na ikiwa debe tatu? Theluthi. Ikiwa hatujui ni debe ngapi? Hapo, ndugu msomaji, ndipo herufi inapopata heshima yake. Watoto wengi hufa moyo katika Kidato cha Kwanza na cha Pili kwa sababu hapo ndipo namba zinapoacha kuwa namba zikawa herufi, wala hawakuambiwa herufi imekuja kufanya nini. Lakini mtoto aliyekwisha kupita kwenye debe moja, mbili na tatu atafurahi kuandika herufi moja badala ya zote: ziada, igawanywe kwa sita pamoja na ziada. Ameona haja ya herufi kabla ya kulazimishwa kuipenda. Na akiwa mwerevu atauliza mwenyewe kilemba kiwe kikubwa kiasi gani ndipo nusu ya mahindi ipotee.

Wako watakaosema kwamba darasa la watoto 80 haliwezi kufundishwa hivyo, na mtaala hautamalizika. La kwanza nalikubali kwa sehemu. Ni vigumu, na serikali isitumie makala kama hii kusahau kuajiri walimu wa hesabu. Lakini watoto wanne katika dawati moja waweza kushindania fumbo moja kimya kimya, na mwalimu ana njia tatu tu za kutafuta, hana madaftari 80 ya kusahihisha. Juu ya mtaala, nauliza mtaala upi ndio unaomalizika sasa, ikiwa robo tatu ya watoto hawafaulu?

Yafaa pia tusidhani kwamba kubadili vitabu kunatosha. Mwaka 1962 wataalamu wa Afrika, Marekani na Uingereza walikutana Entebbe, Uganda, wakaanza kuandika vitabu vya hesabu mpya kwa shule za Afrika. Nia ilikuwa njema, mtoto aelewe kabla ya kukariri. Vitabu vilisambaa, seti na alama zake zikaingia madarasani mwetu. Lakini pale ambapo mwalimu aliendelea kufundisha kwa namna ya zamani, mtoto alizikariri seti kama alivyokuwa akikariri jedwali la kuzidisha, na baada ya miaka michache mradi ule ukapoa.

Na kuna jambo moja linalotangulia vitabu na mtaala, nalo ni haki ya mtoto kuuliza. Mwaka 1963 kijana Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Kidato cha Tatu katika shule ya Magamba, alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenziwe. Kwa kuogopa kukosa nafasi katika jokofu alitia maziwa yake yangali moto. Yakaganda mbele ya yale yaliyopoa. Aliuliza darasani, akaambiwa amechanganyikiwa, na wenziwe wakamcheka. Hakuliacha swali. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza Dr. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyekuja kuzungumza na wanafunzi, na huyo, badala ya kumcheka, alirudi akajaribu. Mwaka 1969 wakaandika pamoja katika jarida la fizikia, na hata leo wataalamu wa dunia wanabishana juu ya jambo hilo chini ya jina la Mpemba. Yeye aliona jambo lisiloingia katika kanuni, akakataa kulifuta kwa kuwa mkubwa amesema hivyo. Ndiyo hatua ya kutazama nyuma, akaifanya mbele ya jokofu.

Ufipa si nchi isiyojua kupima. Wazee wa huko walijenga tanuru za udongo zenye kimo kupita mtu, wakayeyusha chuma bila mivukuto kwa kujua hewa ipite wapi na kwa nguvu gani. Wakulima hulima matuta ya mviringo, intumba, wakifukia majani yawe mbolea, na mama wa Kifipa hutazama shamba akakuambia kwa kukadiria kama mbegu alizo nazo zitatosha. Hapo pana fumbo jingine zuri: hesabu matuta ya shamba lisilo mraba bila kuyahesabu moja moja. Lakini ni mara chache mtoto kuambiwa kwamba anachokifanya mama yake shambani ni hesabu. Ameambiwa hesabu ziko katika kitabu, na mama hajui kitu.

Kwa hiyo sehemu ya kazi hii ni yetu tusio walimu. Mfanyakazi akipokea hati ya mshahara, na amwite mwanawe wa Kidato cha Pili, amwulize makato ni sehemu gani ya mshahara wote, na sehemu gani ya kile kilichobaki, na kwa nini majibu hayalingani. Mwenye mahindi na ampe hili. Mahindi yenye unyevu wa asilimia 20 yanatoka shambani, na kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu usiozidi asilimia 13.5. Gunia la kilo 100 likianikwa mpaka lifike hapo, litabaki na kilo ngapi? Upesi upesi atatoa sita na nusu katika mia, atasema kilo 93 na nusu. Siyo. Asiambiwe jibu. Aulizwe tu ni kitu gani ndani ya gunia ambacho jua haliwezi kukipunguza, kisha aachwe na karatasi.